Muulize Mama Sauti: Masikio Kwanza, Miwani Baadaye

Barua nyingi za toleo hili zinahusu miwani ya uhalisia pepe, ile ambayo vijana wanaiita VR kwa kifupi, na sanaa inayotengenezwa ndani yake. Nimefurahi sana kuzisoma. Mimi ni fundi wa sauti, naishi Dunda hapa Bagamoyo, na nimekulia nyuma ya majukwaa nikivuta nyaya na kusogeza spika, kwa hiyo kila jibu langu litaanzia masikioni. Naamini hivyo kwa moyo wote. Macho yanaona cha mbele tu, masikio yanapokea pande zote hadi kisogoni, na ndiyo yanayomhakikishia mtu kwamba yupo mahali fulani. Tuanze.

Ninunue miwani au rekoda?

*Shikamoo Mama Sauti. Mimi ni kijana wa Tanga mjini. Nataka kutengeneza kazi ya VR kuhusu Mapango ya Amboni, mtu avae miwani aingie pangoni akiwa amekaa hapa hapa mjini. Nimedunduliza hela lakini inatosha kitu kimoja: miwani ya VR au rekoda ya sauti. Simu ninayo. Nianze na kipi?*
Msomaji, Chumbageni, Tanga

Marahaba, mwanangu. Nunua rekoda.

Miwani utaazima siku ya kujaribu na siku ya maonyesho. Sauti za Amboni huwezi kuazima kwa mtu. Tena umechagua mahali ambapo macho hayana kazi kubwa. Mapango yale ya mawe ya chokaa, ukishaingia ndani kidogo, kinachokuonyesha ukubwa wake ni mwangwi. Sauti husafiri mita 340 na kidogo kwa sekunde. Ukipiga kofi na ukuta uko mita 17 mbele yako, mwangwi unakurudia baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ukuta ukiwa mita mbili, mwangwi unarudi upesi mno, unaungana na kofi lenyewe na kulinenepesha. Msikilizaji wako hapigi hesabu yoyote, ila ubongo wake unaipiga, na hapo hapo anajua kama yuko ukumbini au dari imemshukia kichwani.

Kisha kuna suala la masikio kuwa mawili. Mlio ukitoka kulia unafika sikio la kulia kwanza, na tofauti ya kufika haizidi sana sehemu saba za elfu kumi za sekunde. Kichwa nacho kinakinga: mlio mwembamba hufika sikio la pili ukiwa umepungua nguvu, mlio mnene hukizunguka kichwa bila shida. Mwanafizikia wa Uingereza, Lord Rayleigh, alieleza mwaka 1907 jinsi ubongo unavyotumia mambo haya mawili kujua sauti inatoka wapi. Wasikilizaji walikuwa wameshaonja utamu wake mapema zaidi. Kwenye maonyesho ya umeme ya Paris mwaka 1881, Clément Ader aliwasikilizisha watu opera kwa njia ya simu, chombo kimoja kila sikio, nao wakiwa mbali na ukumbi wakaweza kujua mwimbaji amesogea upande gani wa jukwaa.

Unaporekodi una njia mbili. Ya kwanza ni maiki mbili ndogo unazovaa masikioni mwako mwenyewe. Ni ya bei nafuu, na msikilizaji akivaa hedifoni atashtuka atakaposikia tone la maji likianguka nyuma ya bega lake. Udhaifu wake ni kwamba ilishaganda: akigeuza kichwa, pango zima linageuka naye. Ya pili ni ambisoniki, ambayo Michael Gerzon na wenzake waliiendeleza Uingereza miaka ya 1970. Rekoda yake ina maiki nne zilizokusanywa sehemu moja, na programu inapanga sauti kumzunguka msikilizaji pande zote, juu na chini, kisha inaizungusha kinyume kila mtu anapogeuza kichwa. Kwa kazi ya VR, hela ikitosha, chukua hii. Nunua na memori kadi ya akiba, kwa sababu chaneli nne kwa kiwango cha biti 24 na kilohezi 48 zinakula kama MB 35 kwa dakika, yaani GB 2 kwa saa.

Ukifika Amboni, zungumza na waongozaji kabla ya kuwasha chochote. Popo wamo. Kuna mtindo wa kupasua puto ili kunasa mwangwi wa chumba. Huko usiufanye, kofi moja la mkono linatosha. Usirekodi ukitembea, maana utasikika wewe na viatu vyako. Simama mlangoni, rekodi dakika tano bila kujitingisha. Ingia hatua kumi, simama tena. Ingia pale ambapo pikipiki ya barabarani haisikiki kabisa, simama tena. Ile safari ya kelele za nje kufa moja baada ya nyingine ndiyo kazi yako ya sanaa. Mlangoni kwenye upepo vika maiki kofia ya manyoya.

Picha zitafuata. Simu yako ikiwa na kihisi cha kugeuka, inatosha kwa kuanzia. Miwani ya karatasi ngumu unayochomekea simu ilienezwa na Google kuanzia 2014, na hata fundi anayekata maboksi anaweza kukutengenezea mradi apate lenzi mbili. Kuna na programu ya bure iitwayo A-Frame, iliyoanzia Mozilla, inayokuwezesha kujenga mandhari yanayofunguka kwenye kivinjari cha simu bila kununua kitu.

Wageni wanatapika

*Mama mwenzangu, salaam. Hapa Pangani vijana wetu wana chumba cha maonyesho. Wameweka picha ya digrii 360 waliyoipiga wakiwa ndani ya mashua mtoni. Watu wanaipenda, lakini wengi wanavua miwani katikati wakisikia kizunguzungu, na mmoja ametapika. Pia watoto wadogo wanang'ang'ania kuvaa. Tuwaruhusu?*
Mama, Pangani

Mama mwenzangu, mashua ndiyo inayowaumiza. Macho yanaambiwa mwili unayumba, sikio la ndani, ambalo ndilo linaloshika mizani ya mwili, linasema umekaa kwenye kiti. Ubongo haujui umsikilize nani na tumbo linalipia.

Shusheni kamera kutoka kwenye mashua, muisimike ufukweni au gatini, imara, isitikisike. Acheni mashua ipite. Iacheni sauti ndiyo isafiri: kasia, maongezi ya mabaharia, tanga likipigwa na upepo, vyote vitoke kushoto viende kulia. Mtu atajiona yuko mtoni na tumbo litatulia. Mkalisheni kwenye kiti kinachozunguka, asisimame. Angalieni pia kompyuta au simu isiwe inakwamakwama. Picha zikishuka chini ya 72 kwa sekunde, au zikichelewa kufuata kichwa kwa zaidi ya sehemu 20 za elfu za sekunde, kizunguzungu kitarudi hata kamera ikiwa imetulia. Na kazi ya kwanza isizidi dakika saba.

Kuhusu watoto, kampuni ya Meta, inayotengeneza miwani hii, ilikuwa imeweka umri wa chini wa miaka 13, na mwaka 2023 ikashusha hadi 10 kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Mimi chini ya miaka kumi simvalishi mtoto miwani. Nampa hedifoni na mkeka, afumbe macho, na wengi wao huwa hawaulizi tena habari ya miwani.

Ngoma inalia ndani ya kichwa

*Mama Sauti, habari za kazi. Naongoza kikundi cha ngoma hapa Bagamoyo. Kijana mmoja alitupiga picha za digrii 360 tukicheza mdundiko, akaweka sauti tuliyorekodi studio. Picha safi. Lakini ukivaa miwani, ngoma zinalia katikati ya kichwa, hazitoki kwenye mikono ya wapigaji. Ukigeuka kuangalia pembeni, sauti inageuka na wewe. Tatizo nini? La pili, kuna wageni wanataka kuja kuturekodi kwa ajili ya kazi yao ya VR nje ya nchi. Tuwaambie nini?*
Kiongozi wa kikundi, Magomeni, Bagamoyo

Ndugu yangu, kijana wenu amefanya nusu ya kazi na ameifanya vizuri. Nusu iliyobaki ni hii.

Sauti ya studio ni sterio. Imechanganywa kwa ajili ya spika mbili zilizo mbele ya msikilizaji. Ukiisikiliza kwa hedifoni, upande wa kulia unaingia sikio la kulia peke yake, wa kushoto vivyo hivyo, na ubongo, ukikosa dalili yoyote ya umbali, unaiweka ngoma mahali pekee palipobaki, ndani ya fuvu. Katika maisha ya kawaida mikunjo ya sikio la nje, mabega na kichwa hubadilisha rangi ya kila sauti kulingana na inakotoka. Mlio unaotoka juu haufanani na unaotoka chini, wa mbele haufanani na wa nyuma. Programu za sauti za VR zinaiga mabadiliko hayo. Zinatumia sikio la wastani, na masikio hayafanani, kwa hiyo baadhi ya watu watachanganya mbele na nyuma. Dawa ya hilo ni kumruhusu mtu ageuze kichwa: akigeuka kidogo tu, ubongo unatatua.

Kwa hiyo rudini mkarekodi upya, kila ngoma na maiki yake. Vumi peke yake, msondo peke yake, chapuo peke yake, waimbaji wawili wawili, na manyanga kwa mbali. Pigeni wote pamoja kama kawaida, msitenganishwe siku, maana mdundiko bila kutazamana unakufa. Kisha kijana aichukue kila sauti aipachike pale mpigaji aliposimama kwenye picha. Programu ya kuhariri sauti iitwayo Reaper inafaa, na watafiti wa muziki wa elektroniki wa Graz, Austria, wanatoa bure vifaa vya kuongezea vya IEM vinavyofanya kazi hii vizuri.

Lakini msiishie kwenye ngoma. Mdundiko ni ngoma ya njiani. Unatembea, unazoa watu, unapita mbele ya nyumba ambayo mtu anatoka na kanga kiunoni akajiunga. Sauti ya studio haina mtaa ndani yake. Mweke mtu mmoja na rekoda ya ambisoniki pembeni ya njia, anase vigelegele, miguu kwenye mchanga, mtoto anayeita wenzake, muuza kahawa akigonga vikombe vyake, ngoma ikija kutoka mbali na ikipotelea kwenye kona. Hiyo iwe chini, ngoma za karibu ziwe juu yake.

Na vumi! Hedifoni ndogo haiwezi kubeba vumi. Mngurumo wake hausikiki masikioni peke yake, unaingia kifuani na kwenye nyayo. Tengenezeni jukwaa dogo la mbao, mtazamaji asimame juu yake pekupeku, chini yake wekeni spika ya besi inayopokea vumi peke yake. Nimeona watu wazima wakianza kucheza bila kuambiwa.

Sasa la wageni. Waambieni karibu, kisha kaeni chini mkubaliane kabla ya maiki kutoka kwenye begi. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu nawajua wapigaji wa pwani hii waliokuja kuambiwa na watu kwamba sauti zao zimesikika kwenye maonyesho ya mbali, wao hawana hata nakala. Mkataba uandikwe kwa Kiswahili. Useme kazi itaonyeshwa wapi na kwa muda gani, malipo ya siku ya kurekodi na ya kila onyesho, majina ya wapigaji wote, si la kiongozi tu, na nakala kamili ya rekodi ghafi ibaki Bagamoyo. Nyimbo za unyago na nyingine za ndani zitajwe kwamba hazirekodiwi, basi. Na ongezeni kifungu ambacho zamani hakikuhitajika: sauti iliyorekodiwa ngoma moja moja inaweza kuchomolewa na kupandikizwa kwenye kazi nyingine kabisa, au kulishwa kompyuta ijifunze kuiga. Andikeni kwamba matumizi hayo ni marufuku bila idhini mpya. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inagusa pia sanaa za jadi, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndio wa kuwauliza. Nendeni kabla, msisubiri mgogoro.

Minyororo na vilio

*Shikamoo Mama Sauti. Ni mwanafunzi wa sanaa hapa Bagamoyo. Natengeneza kazi ya VR kuhusu misafara ya watumwa. Mtazamaji anaanzia Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara, anaishia ufukweni. Nimepakua mtandaoni sauti za minyororo, mijeledi na wanawake wakilia. Nimepasua puto ndani ya magofu ya msikiti wa Kaole ili nipate mwangwi wa kale wa kuweka kwenye sauti zote. Nataka mtazamaji alie. Mwalimu wangu anasema nimezidisha. Wewe unasemaje?*
Mwanafunzi, Bagamoyo

Marahaba mwanangu. Niko na mwalimu wako, lakini usiiache kazi. Ni kazi kubwa na nataka ifike mwisho.

Tuanze na Kaole, kwa kuwa ni jambo la ufundi. Kupasua puto ni njia halali. Mlio mfupi mkali unagonga kila ukuta, na rekodi yake inaweza kutumika kuivika sauti yoyote chumba kile. Ila msikiti wa Kaole hauna paa. Mlio wako ulipanda juu ukaenda zake, na ulichonasa ni mwangwi wa kuta fupi, upepo na miti ya leo. Mwangwi wa kale haumo. Ukitaka chumba cha mawe ya matumbawe chenye dari, tafuta nyumba ya zamani iliyosimama bado katika Mji Mkongwe hapa, omba ruhusa, kapasue humo. Halafu tazama na nyakati. Msikiti wa Kaole unahesabiwa wa karne ya 13, na mji ule ulikuwa umekwisha kufifia kabla misafara ya karne ya 19 haijaifanya Bagamoyo mlango wake. Ukichanganya, mzee yeyote anayeijua historia yake atavua miwani. Na pale watu bado wanakwenda kuomba dua makaburini. Kapige hodi kwa wazee wa Kaole, hata kama puto limeshapasuka.

Sasa minyororo. Kile kilio ulichopakua ni cha mwigizaji asiyejulikana, aliyelia studio kwa ajili ya filamu ya kutisha pengine. Unakichukua unamvika mwanamke aliyetembea mpaka hapa. Mimi siwezi. Mtazamaji naye anakitambua bila kujua kwamba anakitambua, kwa sababu amekisikia kwenye sinema, na mara moja anajua yuko kwenye sinema. Atalia, ndiyo. Atajifuta, ataondoka bila kujua jambo jipya hata moja.

Mpe ambacho hakijui. Njia kutoka Ujiji kupita Tabora hadi hapa ni zaidi ya kilomita elfu moja, miezi ya kutembea. Kwenye msafara mmoja waliweza kuwemo mateka, na wapagazi wa kulipwa, wengi wao Wanyamwezi, wakiwa na pembe za ndovu mabegani. Mbele alikwenda kirangozi, na barghumu ikipulizwa. Ulikuwa umati wenye lugha nyingi. Hapo ndipo sauti inakuwa na kazi. Katafute wasemaji wa Kinyamwezi, Kiyao, Kimanyema, wakusaidie kuandika maneno ya kawaida kabisa: mtu anauliza maji, mtu anahesabu mizigo, mtu anamwita mwenzake kwa jina. Mvalishe mtazamaji giza na umzungushie sauti hizo, baadhi karibu na shingo yake, nyingine mbali. Ataelewa chache. Wale wengine atabaki kuwasikiliza tu, kama mtu aliyetolewa kwao na kutiwa katikati ya watu asiowajua.

Usimpe mtazamaji mwili wa mtumwa. Hilo nalishikilia sana. Dakika saba za miwani haziwezi kumfanya mtu aseme amejua, na kumwambia hivyo ni kuwadhulumu waliojua kweli. Mpe mwili wake mwenyewe. Mwaka 1995 msanii wa Kanada, Char Davies, alitengeneza kazi iitwayo Osmose ambamo mtu alivaa fulana yenye kihisi kifuani: akivuta pumzi anapanda, akitoa anashuka, akiegemea anasogea. Hakukuwa na kitufe cha mkononi. Wewe huhitaji fulana. Weka maiki ndogo karibu na mdomo wa mtazamaji, umrudishie pumzi zake mwenyewe masikioni, kwa chini sana, katikati ya msafara. Atajua kwamba yeye ni shahidi aliyekuja kuchelewa, na kwamba anapumua.

Historia nayo usiikatishe ufukweni kana kwamba ilizama pale. Mwaka 1873 Sultan Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na soko la Unguja likafungwa, na bado biashara iliendelea kwa magendo na kwa njia za nchi kavu. Wamisionari Wakatoliki walikuwa wameshafika hapa tangu 1868 na kuanzisha kijiji cha waliokombolewa. Wazao wa waliotekwa, wa waliobeba na wa waliouza tunaishi nao mji mmoja, tunasali pamoja, tunazikana. Kwa hiyo wasikilizaji wako wa kwanza wasiwe watalii. Wawe wazee wa hapa, uwakalishe sehemu nzuri, uwape hedifoni bila miwani, uwasikilizishe kazi nzima, kisha unyamaze wakuambie cha kutoa.

Siku ya maonyesho, awepo mtu wa kumpokea kila anayevua miwani, na kiti, na maji. Hilo ni sehemu ya kazi kama zilivyo spika.

Taarab bila miwani

*Mama, sisi ni kikundi cha taarab Tanga. Hatuna hela ya miwani hata moja. Tunaweza kufanya onyesho la namna hii?*
Mpiga gitaa, Ngamiani, Tanga

Mnaweza sana, na nawaonea wivu. Tanga ya vikundi vya Black Star na Lucky Star ilishawafundisha watu wa pwani kwamba gitaa la umeme lina nafasi yake kwenye taarab, basi na spika itapata ya kwake.

Msanii wa Kanada, Janet Cardiff, mwaka 2001 alichukua wimbo wa kale wa kanisani wa Thomas Tallis wenye sauti 40 tofauti, akairekodi kila sauti peke yake, akaweka spika 40 kwa mzunguko wa umbo la yai, kila spika mwimbaji mmoja, kwenye kimo cha kichwa cha mtu. Ukisimama katikati unasikia kwaya nzima. Ukisogea kwenye spika moja unasikia pumzi ya mtu mmoja. Hakuna miwani popote.

Ninyi fanyeni na spika nane. Mwimbaji, waitikiaji wawili, gitaa la solo, besi, kinanda, bongos, na ya nane mpeni mtu anayetunza, ule mchakacho wa noti, vicheko, na manukato hamuwezi kuyarekodi lakini udi mtachoma. Kila mmoja arekodiwe na maiki ya karibu, akisikiliza wenzake kwa hedifoni ili sauti zisivujiane. Spika ziwe kimo cha kichwa cha mpigaji aliyekaa. Kosa la kuepuka ni kutumia simu nane kucheza mafaili nane: mtaanza pamoja, na baada ya dakika chache besi imewaacha. Tafuteni kompyuta moja na kadi ya sauti yenye matundu nane ya kutolea. Kwa kuanzia wekeni nyumbani kwa mtu, ukumbini, muondoe viti. Watu watembee.

Mimi sioni

*Mama Sauti, nimesomewa safu yako na mdogo wangu. Nimepoteza uwezo wa kuona nikiwa mtu mzima. Haya mambo ya VR yananihusu?*
Msomaji, Muheza

Yanakuhusu kuliko sisi wengine, ndugu yangu, na barua yako ndiyo niliyoisoma mara nyingi zaidi.

John Hull, mwalimu wa chuo kikuu huko Birmingham, alipopoteza kabisa uwezo wa kuona alianza mwaka 1983 kurekodi shajara kwenye kaseti. Mwaka 2016 kaseti hizo zilifanywa kazi ya VR iitwayo Notes on Blindness: Into Darkness. Humo dunia ni nyeusi, na kitu kinaonekana kwa nuru hafifu pale tu kinapotoa sauti: hatua, jani, gazeti likifunguliwa. Hull alieleza jinsi mvua inavyompa umbo la kila kilichopo nje, maana kila kitu kinailiza kwa namna yake. Wewe wa Muheza, mvua inapopiga bati, mgomba, sinia lililosahauliwa uani, na tangi tupu, unaijua habari hiyo kuliko mimi.

Nina ombi. Kijana wa Chumbageni wa barua ya kwanza atahitaji mtu wa kumsikilizia rekodi zake za Amboni. Sisi tunaoona tunadanganywa na picha, tunapitisha sauti mbovu kwa sababu picha ni nzuri. Ukikubali, mwambie mdogo wako aiandikie safu hii, nitawaunganisha. Na umdai malipo: kusikiliza ni kazi, na aiweke kwenye bajeti yake kabla ya lenzi.